Disko Nyumbani kwa Beatrice

Diana alikuwa fundi cherehani pale Bondeni, Kyela mjini, na waliomjua walijua kwamba hawezi kuona jambo zuri kwenye simu ya mtu bila kutaka kulifanya nyumbani kwake. Ndivyo alivyoanza kuoka keki, ndivyo alivyoanza kufuga sungura, na ndivyo lilivyomjia wazo la disko la kumsaka muuaji.

Alikuwa ameona kwenye video. Watu wa Dar es Salaam wamejikusanya sebuleni, wamevaa kama watu wa zamani, kila mmoja amepewa jina la kuigiza. Muziki unapigwa, wanacheza, mara mmoja wao anaanguka na kujifanya amekufa. Hapo wengine wanaanza kuulizana maswali: nani alikuwa wapi, nani alikuwa na kinyongo na marehemu, mpaka muuaji ajulikane. Kisha marehemu anaamka, wote wanakula.

"Tumfanyie Mama," alimwambia mume wake, Gwamaka. "Anatimiza miaka sitini. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa disko."

Gwamaka alikuwa akinunua mchele Kyela na kuupeleka Karonga, upande wa Malawi, na alizoea kufikiri kabla ya kujibu. "Mama yako kwenye harusi yetu hakuinuka kwenye kiti," alisema.

"Ndiyo maana nataka ainuke."

Mama yake, Beatrice, aliishi Matema, kwenye nyumba ya bati aliyoachiwa na marehemu mumewe, mlima nyuma, ziwa mbele. Kwao hasa kulikuwa Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, mbele kidogo baada ya miamba. Watu wengi huenda Ikombe kwa mtumbwi. Beatrice alipita njia ya mawe kwa miguu, jua au mvua, hata alipokuwa na mimba ya Diana. Hakupanda mtumbwi. Ukimuuliza sababu, alisema miguu yake bado mizima.

Ujana wake Diana aliujua kwa picha moja tu iliyokuwa ukutani: Beatrice amefuga afro, amevaa suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni na viatu vya raizoni vyenye soli nene, na pembeni yake msichana mdogo zaidi anacheka mdomo wazi. Huyo alikuwa mdogo wake, Tumaini. "Mama yako mdogo alikufa maji," Beatrice alisema siku Diana alipouliza, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Diana hakuuliza tena.

Beatrice hakulikataa wazo la disko. "Fanyeni," alisema. "Mimi nitakaa nitazame."

Diana alitunga kisa mwenyewe. Marehemu angekuwa Malkia wa Disko. Angepewa soda yenye sumu na meneja wake, na meneja huyo angekuwa Gwamaka. Malkia angekuwa Damaris, msichana kutoka Tukuyu aliyekaa naye cherehani kwa cherehani pale Bondeni. Mpelelezi angekuwa Mzee Yusto, jirani wa Beatrice, mvuvi mstaafu aliyependa kusikilizwa. Alibaki mtu wa kupiga muziki, na Gwamaka alimpata: kijana mmoja aitwaye Godwin, wa Karonga, waliyefahamiana mpakani kwenye biashara ya mchele. Godwin alikuwa amefikia kwenye nyumba ya wageni pale Matema. Asubuhi alionekana akitembea ufukweni peke yake, akisimama, akitazama upande wa Ikombe.

"Ana shida gani?" Diana aliuliza.

"Amefiwa na baba yake," Gwamaka alisema. "Amekuja kupumzisha kichwa."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya masika. Beatrice alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, na Diana na Damaris wakabaki wakipamba sebule. Damaris alibandika vipande vya kioo kwenye chungu kidogo cha Ikombe, wakakining'iniza darini kwa uzi wa nailoni. Kilipozunguka, madoa ya mwanga yalitambaa ukutani, yakapita juu ya picha, yakapita juu ya msalaba, yakarudi.

Diana alikwenda chumbani kwa mama yake kutafuta kitenge cha kufunika meza. Chini kabisa ya sanduku la bati alikuta gauni la rangi ya fedha, limeshonewa vipande vya kumetameta kama magamba ya samaki. Lilikuwa limekunjwa vizuri mno, mikono imelazwa ndani, pindo limepatana na pindo. Lilikuwa gauni la disko hasa. Alijua ni la mama yake wa kwenye picha, akafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

"Jaribu hili," alimwambia Damaris.

Lilimkaa kana kwamba alipimwa. Damaris alijigeuza mbele ya kioo, kisha akajikumbatia mabega.

"Dada Diana, lina baridi."

"Limekaa kwenye sanduku."

"Limelowa hapa chini."

Diana alishika pindo. Kweli, lilikuwa na unyevu, ingawa kila kilichokuwa sandukuni kilikuwa kikavu na kilinuka majani ya mwarobaini. Alilitoa mwilini mwa Damaris, akaliweka mezani, akalipiga pasi. Mvuke ulipanda, na chumba kikajaa harufu ya maji ya ziwa yaliyolala kwenye mawe. Alipiga pasi mara ya pili. Mvuke ulipanda tena vilevile. Mwishowe wageni walikuwa karibu kufika, akamrudishia Damaris.

Walifika alasiri. Majirani walikuja na suruali walizopanua miguuni kwa vitambaa vya vitenge, na mwanamke mmoja alikuja na wigi la afro lililowachekesha watoto njia nzima. Mzee Yusto alivaa koti la suti na kofia, na kwenye mfuko wa koti akachomeka tochi, kwa sababu mpelelezi, alisema, lazima awe na tochi. Beatrice aliwekwa kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha la ziwani. Alivaa gauni jipya aliloshonewa na binti yake. Alikuwa akitabasamu, na Diana alipoliona tabasamu lile alihisi amefanya jambo jema.

Godwin alipoingia, alisalimia wazee mmoja mmoja. Alipofika kwa Beatrice alipiga goti moja chini, akachelewa kuinuka.

"Ndaga, mwanangu," Beatrice alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Unatoka wapi?"

"Karonga, Mama."

"Wazazi wazima?"

"Mama yupo. Baba tumemzika."

"Pole sana," Beatrice alisema, akamshika mkono. Godwin alifungua mdomo kama mwenye jambo, kisha Gwamaka akamwita aje aunganishe simu kwenye spika.

Wakati huo mawingu yalikuwa yameshashuka mlimani. Mvua ilipiga bati ghafla, kubwa, mpaka watu wakawa wanasemezana kwa kupiga kelele. Umeme ulikatika. Ilikuwa bado mchana, lakini sebule ilikuwa na giza kama la alfajiri. Spika ilikuwa na betri, muziki ukaendelea, na Mzee Yusto akawasha tochi yake, akaielekeza kwenye chungu cha vioo. Watu walishangilia. Madoa ya mwanga yalizunguka kwenye nyuso zao.

"Malkia wa Disko!" Diana aliita.

Damaris alitoka chumbani.

Walikuwa wamefanya mazoezi. Alitakiwa aingie akitikisa mabega, azunguke sebule nzima, apokee soda kwa Gwamaka, anywe, ayumbe, aanguke. Lakini Damaris aliyetoka chumbani hakutikisa mabega. Alicheza taratibu, miguu ikiteleza, mkono mmoja umeinuliwa na kiganja kimegeuzwa juu, uchezaji ambao Diana hakumfundisha na ambao hakuna kijana wa leo anayeucheza. Alikuwa peku. Watu walipiga makofi. Alicheza mpaka mbele ya kiti cha Beatrice, akasimama, akamtazama, kisha akaanguka.

Hakuanguka kama mtu anayeigiza. Alikwenda chini bila kujikinga na mikono. Soda ilikuwa bado mkononi mwa Gwamaka.

"Amekufa kabla ya sumu!" jirani mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka.

Muziki ulikatika. Godwin aliangalia simu yake, akabonyeza, akatikisa kichwa. Ilibaki mvua peke yake.

Beatrice aliinuka kwenye kiti. Hakupiga ukelele. Alipiga magoti sakafuni kando ya Damaris, akafungua mtandio wake, akaanza kumfuta nywele, polepole, kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kuoga.

"Umelowa, Tumaini," alisema. "Umelowa hivi, umetoka wapi?"

Watu walipiga makofi tena. Walidhani ni sehemu ya mchezo, na kwamba mama mwenye sherehe naye amepewa jina lake. Lakini Diana alikuwa karibu. Aliona nywele za Damaris ni kavu, amezisuka juzi tu. Kisha Beatrice akaukamua mtandio, na maji yakadondoka sakafuni.

"Mama," Diana alisema. "Huyu ni Damaris."

Beatrice hakumsikia.

Mzee Yusto, ambaye macho yake hayakuwa mazuri tena, aliona kwamba zamu yake imefika. Alisogea katikati, akaweka mikono nyuma, akakohoa. Diana alikuwa amempa karatasi ya maswali ya kuuliza, lakini hakuitoa mfukoni. Tochi yake ilishuka kutoka kwenye chungu cha vioo, ikatua kwenye gauni la fedha, ikatulia hapo. Uso wake ulibadilika.

"Gauni hili nalijua," alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Tulilikuta mchangani, karibu na Ikombe. Limekunjwa. Nilisema siku ile, na leo nasema: nani anayekunja gauni gizani? Aliyelikunja ndiye aliyemuua Tumaini. Muuaji ni mwenye mtumbwi. Muuaji ni Lazaro."

Baadhi ya watu walicheka, kwa sababu kwenye kisa cha Diana hapakuwa na mwenye mtumbwi wala Lazaro. Lakini wakubwa hawakucheka. Walikuwa wanalijua jina. Walitishiwa nalo utotoni: ukichelewa ziwani, Lazaro atakuchukua.

"Baba yangu hakuua mtu."

Aliyesema ni Godwin. Alikuwa amesimama kando ya spika, simu mkononi.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Yusto aligeuza tochi, akammulika usoni, akamkagua kwa muda. "Naam," alisema mwishowe. "Una paji lake."

"Zima tochi, Mzee," Gwamaka alisema.

"Sizimi. Mmemleta mtoto wa Lazaro ndani ya nyumba ya huyu mama?"

"Sikuwaambia," Godwin alisema. "Baba alipokuwa anakufa aliniomba nije nione mahali alipozaliwa. Nimekaa hapa siku zote hizi nikisikia watoto wanaitana ufukweni kwa jina lake, kama wanaitana jina la fisi. Ningesemaje?" Alimgeukia Beatrice, ambaye bado alikuwa sakafuni. "Mama, alinieleza mara nyingi, na hakubadilisha neno. Disko liliisha hapa Matema. Alimpakia mdogo wako kwenye mtumbwi wake kwa sababu alikuwa anakwenda njia hiyo. Alimshusha kwenye mchanga kabla ya Ikombe, mzima, anacheka. Akageuza. Kesho yake walimkamata, polisi wakamwachia kwa kukosa ushahidi, lakini watu hawakumwachia. Walichoma mtumbwi wake, akakimbilia Karonga. Alisema aliyewasha moto alikuwa rafiki yake."

Mzee Yusto aliushusha mkono wenye tochi.

"Ninyi leo mmekaa hapa mnacheza mchezo wa kutaja muuaji," Godwin aliendelea, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Baba yangu walimtaja hivihivi."

Diana aliona aibu. Alitaka kusema kitu, lakini kabla hajasema, Damaris alizungumza.

Alikuwa bado amelala, amefumba macho. Sauti ilitoka kinywani mwake, lakini haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba na yenye haraka, sauti ya msichana aliyetoka kukimbia. Na ilizungumza Kikisi. Damaris alijua Kinyakyusa na Kiswahili. Kikisi alikuwa hajui hata kusalimia. Diana, aliyekisikia kwa bibi yake, alielewa kila neno.

"Beti," sauti ilisema. "Hukunisubiri."

Hakuna aliyemwita Beatrice jina hilo tangu wazazi wake wafe.

"Nilikusubiri," Beatrice alijibu kwa Kikisi hichohicho. "Usingizi ulinichukua, mdogo wangu."

"Niliona hakuna taa. Nikasema ngoja nioge kwanza, Mama asisikie harufu ya sigara za watu. Gauni lako nililichukua bila kukuambia. Ndiyo nikalikunja. Nilitaka nilirudishe bila kunyanzi."

Beatrice aliweka kiganja mdomoni.

"Maji yalikuwa ya uvuguvugu," sauti ilisema. "Juu yalikuwa ya uvuguvugu."

"Na Lazaro?"

"Lazaro alishaondoka. Nilimsikia anapiga kasia, anaimba. Nilimwita. Mvua ilikuwa imeanza, hakusikia."

Mvua ilizidi juu ya bati. Beatrice aliinama, akaweka sikio karibu na kinywa cha msichana, akaita jina mara nyingi, lakini hakukuwa na kitu zaidi. Kisha Damaris akapiga chafya, akafumbua macho, akawaona watu wamemzunguka.

"Nimeshakufa?" aliuliza. "Mbona hamuulizani maswali?"

Diana alimwinua, akampeleka chumbani, akamvua gauni na kumfunika blanketi. Damaris hakukumbuka kucheza. Alikumbuka kushika kitasa cha mlango, basi. Alikuwa na mchanga katikati ya vidole vya miguu, na tangu asubuhi hakuwa ametoka nje.

Diana aliporudi sebuleni, wageni wengi walikuwa wameshaondoka, mvua au si mvua. Mzee Yusto alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyo binti mmemfundisha," alikuwa akisema. "Siku hizi vijana wanajua kuigiza. Wanaigiza chochote."

"Nani amemfundisha Kikisi, Kaka Yusto?" Beatrice aliuliza. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, amenyooka. "Na gauni ni langu. Nililinunua mwenyewe Mbeya. Alipopotea, kila mtu alilia gauni la Tumaini, gauni la Tumaini, na mimi niliona haya kusema ni langu, nisionekane nalilia gauni wakati mdogo wangu hayupo. Sikumwambia mtu. Sikumwambia hata mume wangu. Huyu mtoto wa Tukuyu angejulia wapi?"

Mzee Yusto alitazama nje.

"Ulikuwa rafiki yake," Beatrice alisema. "Mlikuwa mnavua pamoja."

"Ulilia sana siku ile," Mzee Yusto alisema. "Watu wote walikuwa wanalia. Ilibidi awepo mtu." Hakumalizia. Alivaa kofia, akatoka kwenye mvua akiwa ameacha tochi yake juu ya meza, inawaka.

Chakula kilikuwa kingi: samaki mbasa wa kuchoma, wali wa Kyela, ndizi. Beatrice aliinuka, akapakua sahani mwenyewe, akamwekea Godwin mapajani.

"Kula, mwanangu," alisema. "Halafu utaniambia baba yako alizikwa wapi."

Walikwenda Karonga wiki chache baadaye, mvua zilipopungua. Gwamaka aliazima gari la mwenzake. Beatrice alikaa mbele, Diana na Godwin nyuma, na nyuma pia alikaa Mzee Yusto, aliyekuja asubuhi ile na koti lake la suti bila kualikwa na bila kusema anakwenda kufanya nini. Walipofika Kasumulu mpakani na watu wakaanza kushuka, yeye alibaki kwenye kiti.

"Sina kitambulisho," alisema.

Kilikuwa kimejitokeza kwenye mfuko wa shati lake, wote wanakiona.

"Basi tusubiri hapa, Kaka Yusto," Beatrice alimwambia bila ukali. Walivuka daraja la Songwe kwa miguu, ili wapande gari jingine ng'ambo, wakamwacha, na kila Diana alipogeuka nyuma alimwona bado amekaa, amejishika magoti.

Nyumba ya Lazaro ilikuwa nje ya mji wa Karonga, upande wa ziwani, nyumba ya matofali ya kuchoma na mlango wa bluu. Mama yake Godwin alikuwa amekaa nje kwenye mkeka, miguu imenyooshwa kwa sababu magoti yalimsumbua. Alizungumza Kingonde na Beatrice akazungumza Kinyakyusa, na kwa kuwa lugha hizo ni kama dada wawili, walielewana bila mtu wa katikati.

"Wewe ndiye Beti aliyekuwa akitajwa na Lazaro," mjane alisema.

"Ndiye mimi." Beatrice alipiga magoti. "Nimekuja kukuambia kwamba mume wako hakumuua mdogo wangu."

Mjane alimtazama kwa muda mrefu. "Hilo nililijua," alisema. "Ungemwambia yeye."

Beatrice aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Diana alitamani mama yake ajitetee, aseme alikuwa msichana mdogo, aseme na yeye aliambiwa tu kama wengine. Beatrice alikaa vilevile, magoti yake kwenye udongo, mpaka mjane mwenyewe akachoka kumtazama akagonga mkeka kwa kiganja.

"Kaa hapa. Utaumia."

Walikaa wote wawili wameelekea ziwani. Mbali juu ya maji wingu la wadudu wa ziwani lilikuwa limesimama wima kama moshi wa nyumba inayoungua.

"Alikuwa anakuja hapa," mjane alisema.

"Nani?"

"Mdogo wako. Kila masika, mvua ikiwa kubwa. Mwanzoni nilidhani ni mwanamke wa mume wangu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, nikatoka na mchi nimpige. Nilipofika karibu nikaona mvua inampita katikati ya mwili." Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayemsimulia mgeni habari za jirani. "Lazaro aliniambia usimfukuze. Alikuwa akimwekea kigoda hapo nje na kumkokea moto. Hakukalia kigoda hata siku moja. Alikuwa anasimama tu, anatazama ndani. Wanangu walimzoea. Godwin alikuwa akimwita shangazi."

Diana aligeuka kumtazama Godwin. Godwin alikuwa akitazama chini.

"Alikuwa anasema kitu?" Beatrice aliuliza.

"Kwetu, hapana."

"Alikuwa na baridi?"

"Alikuwa anatetemeka," mjane alisema. "Siwezi kukudanganya."

Beatrice alilia hapo, kwa sauti, kwa mara ya kwanza Diana kumwona tangu azaliwe. Mjane alimwacha alie. Alimshika kifundo cha mkono tu, akakishikilia.

"Mwezi ule Lazaro alipokufa alikuja mchana kweupe," mjane alisema Beatrice alipotulia. "Watu wa msiba walimpisha, wakidhani ni ndugu. Nikasema, sasa atamfuata nani? Mvua zilipoanza mwaka huu niliweka kigoda mwenyewe. Nikakoka moto mwenyewe, kwa magoti haya. Nilikaa nikamsubiri. Alikuja siku za mwanzo. Kisha siku moja alasiri, mvua kubwa kuliko zote, hakuja. Na hajaja tena."

Diana hakuuliza ilikuwa alasiri ya siku gani. Godwin alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Nionyeshe alipokuwa anasimama," Beatrice alisema.

Mjane alinyoosha kidole. "Pale. Palikuwa hapakauki hata kiangazi." Kando ya mlango wa bluu, mbali kidogo na ukuta, ambapo maji ya bati hayafiki, ardhi ilikuwa imebonyea mahali pawili, pembeni kwa pembeni, kama inavyobonyea panaposimamwa miaka mingi. Beatrice aliinuka, akaenda, akachuchumaa, akaingiza kiganja kwenye shimo moja, halafu kwenye la pili. Alikaa hivyo akipapasa udongo, amewapa wote mgongo.

"Pakavu," alisema.